Mtoto wa selimundu na chupa ya mizizi: kwa nini kila dawa huonekana imefanya kazi

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu hana haja ya kutafuta dawa za asili, zinamfuata zenyewe. Shangazi anatuma unga wa mlonge kwa basi. Jirani anamjua mzee mmoja kule Mkuranga aliyemponya mtoto wa dada yake. Sokoni kuna mama anauza mizizi iliyochemshwa kwenye chupa ya lita moja na nusu, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na anaapa kwamba mjukuu wake alikuwa halali usiku kwa maumivu ya mifupa, lakini tangu aianze hiyo dawa huu ni mwezi wa nne hajaguswa.

Huyo mama huenda hasemi uongo, na ugumu wote wa jambo hili uko hapo. Wauzaji hawa wangekuwa matapeli watupu, mzazi mwenye akili timamu angewaepuka. Ila wengi wanaopendekeza mitishamba kwa mtoto wa selimundu wameona kwa macho yao mtoto akipata nafuu baada ya kunywa. Swali ni kama nafuu ile ililetwa na kile kikombe. Na ugonjwa huu, kuliko magonjwa mengi ya watoto, una tabia ya kumfanya karibu kila mwenye dawa aonekane fundi.

Selimundu, ambayo wengi bado wanaiita siko seli, inatokana na kosa dogo kwenye kinasaba kinachotengeneza himoglobini, ile protini ndani ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni. Kiungo kimoja tu, cha sita kwenye mnyororo wake, kimewekwa kisicho chake. Oksijeni ikipungua, himoglobini yenye kosa hilo hushikana ikawa nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa duara laini ikajipinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtoto huyu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu yake iko chini mwaka mzima na macho yana umanjano, na chembe ngumu zikiziba vijishipa vidogo, sehemu ya mfupa iliyokosa damu inauma maumivu ambayo hata mtu mzima hulia.

Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na hutajwa pamoja na Nigeria, Kongo na India miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Tumeupata kwa sababu ya malaria. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja chenye kosa, yule tunayesema ni AS, hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Hilo lilionyeshwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Vizazi kwa vizazi watu wa AS walinusurika na mbu, kinasaba kikaenea. Lakini AS akizaa na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu. Nalitaja hili mapema kwa sababu kwenye vikao vya ukoo lawama huangukia upande mmoja, mara nyingi upande wa mama: "kwetu hakuna ugonjwa huu." Upo. Mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S kutoka pande zote mbili.

Mtoto huyu huzaliwa mzima, ananyonya, ananenepa. Anakingwa na himoglobini ya mtoto mchanga, aliyotoka nayo tumboni, ambayo haijipindi. Kadiri inavyopungua na kupisha ile ya kudumu, karibu na miezi sita, ugonjwa unaanza kujitokeza. Kwa wengi dalili ya kwanza ni vidole vya mikono na nyayo kuvimba, vinang'aa, mtoto analia akiguswa. Kwa macho ya nyumbani, mtoto aliyekuwa mzima ameharibika ghafla. Hapo maneno huanza: ni mchango, ni jicho la mtu, ni upepo aliopigwa siku ile mlipopita njia panda magharibi. Siwacheki wanaosema hivyo. Kitu kisichokuwepo kimetokea, na binadamu hutafuta kilichotokea muda mfupi kabla yake. Kosa hilohilo la kufikiri litarudi baadaye, safari hii kwenye dawa.

Maumivu ya selimundu huja kwa vipindi. Yanapanda, yanafika kilele, kisha kwa kawaida yanatulia ndani ya siku kadhaa, mara nyingi ndani ya wiki. Halafu mtoto anakaa wiki, au miezi, anacheza kama wenzake. Mwenendo huo hauhitaji dawa ya kuponya ili utulie. Sasa jiulize ni siku gani mzazi hukubali kujaribu mizizi. Hakubali siku mtoto anapocheza mpira. Anakubali usiku wa tatu wa kilio, panadoli zimeshindwa, amechoka, kila mtu ndani ya nyumba amechoka. Yaani dawa inaanza kilele kikiwa kimefika, mahali ambapo njia iliyobaki ni ya kushuka. Ukimpa mizizi, atapata nafuu. Ukimpa maji ya mchele, atapata nafuu. Na kwa kuwa baada ya kipindi kibaya mara nyingi huja kipindi kirefu cha utulivu, ushuhuda wa "mwezi wa nne huu" unapatikana kirahisi sana.

Damu nayo ina hila yake. Wazazi wengi hufuatilia namba ya himoglobini kama wengine wanavyofuatilia salio la benki, na karibu kila mtishamba wa selimundu huuzwa kwa sifa ya kuongeza damu: rosela, majani ya mlonge, kisamvu, bitiruti. Kwanza ieleweke kwamba mtoto wa SS huishi na himoglobini ya 6 hadi 9 hivi, na huko ndiko kwao. Mwenye 7.5 akiwa anakula na kucheza hajaishiwa damu. Inayotisha ni ile inayoporomoka ghafla, na mojawapo ya sababu zake ni kirusi kiitwacho parvo B19, ambacho husimamisha kwa siku kadhaa kazi ya uboho ulio ndani ya mifupa kutengeneza chembe nyekundu. Kwa mtoto mwingine hakuna hata atakayejua. Kwa mtoto ambaye chembe zake huishi wiki mbili, kiwanda kikisimama wiki moja, damu inashuka mpaka 4 au 3. Wengi huhitaji kuongezewa. Kisha kirusi kinaondoka, uboho unaamka kwa nguvu, na damu inarudi kwenye 7 au 8 yake ya kawaida. Aliyekuwa akinywa rosela wiki hiyo ataandikia rosela ushindi ambao ni wa uboho wake mwenyewe.

Vipimo vya maabara nimeona vikidanganya watu wazima wenye shahada. Kipimo cha haraka cha siklingi, kinachofanyika kwenye vituo vingi, husema tu kama himoglobini S, ile yenye kosa, ipo au haipo. Hakimtofautishi AS na SS. Kwa hiyo kuna watoto wa AS, wazima kabisa, walioambiwa wana selimundu, wakapelekwa kwa mganga, "wakapona". Upande wa pili, mtoto mchanga bado ana himoglobini nyingi ya tumboni, na kipimo hicho kinaweza kutoka safi ilhali ni SS. Kinachotoa jibu ni elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, au kipimo cha aina yake.

Hata hicho kina mtego. Mtoto wa SS akiongezewa damu, ndani yake kuna chembe za mtu mwingine mwenye himoglobini A, ile ya kawaida. Ukimpima wiki ile, majibu yataonyesha A na S kwa pamoja, kama mtu wa AS. Nimesikia mganga akijisifu hadharani kwamba ana vyeti vya hospitali vya watoto aliowabadilisha kutoka SS. Cheti kinaweza kuwa cha kweli kabisa, muhuri na saini. Muulize tu mtoto aliongezewa damu lini. Majibu ya kuaminika yanahitaji kusubiri miezi mitatu au zaidi tangu damu iingie.

Na umri wenyewe huponya baadhi ya mambo. Ile hali ya vidole kuvimba huisha yenyewe mtoto akikaribia miaka minne, kwa sababu uboho mwekundu ulioko kwenye mifupa ile midogo unaondoka. Bandama nayo, baada ya kuzibwazibwa miaka, husinyaa na kuacha kuvimba. Mtoto aliyenyweshwa mizizi kuanzia miaka miwili atafika mitano bila dalili zile mbili. Bibi atakumbuka mizizi.

Weka haya yote pamoja, utaona kwamba ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, hauwezi kutuambia kama dawa ya selimundu inafanya kazi. Kinachoweza ni kuwachukua watoto wengi, nusu wapewe dawa na nusu kitu kinachofanana nayo, bila wazazi wala madaktari kujua nani kapata nini, kisha wahesabiwe.

Mitishamba kadhaa imepitia njia hiyo, na haikutoka mikono mitupu. Taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa ya Nigeria, iliyoko Abuja, ilichukua mchanganyiko wa mganga mmoja wa jadi wenye mbegu za pilipili ya Afrika Magharibi, mtama, mti wa aina ya mninga na, msomaji wa Pemba atafurahi, karafuu. Ukaitwa Niprisan. Jaribio lililowahusisha watu 82 lilionyesha vipindi vya maumivu makali vikipungua kwa miezi sita iliyofuatiliwa, ila kiwango cha damu hakikubadilika. Ulianza kuuzwa mwaka 2006 kwa jina la Nicosan, kisha kampuni iliyoutengeneza ikafilisika, na majaribio makubwa yaliyohitajika hayakufika. Dawa nyingine ya Nigeria iliyotokana na mbaazi nayo ilijaribiwa, ikaonyesha dalili za kupunguza maumivu, lakini kwa upande wa damu matokeo hayakuwa mazuri. Mbaazi za nazi, lakini, mpe mtoto ale ashibe. Hiyo ni mboga.

Kwa hiyo anayesema majani hayana kitu hajui historia ya dawa. Vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto, ilitolewa kwenye lile ua la rangi ya waridi linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani, lenye asili ya Madagaska. Dawa mseto ya malaria ina kemikali iliyogunduliwa kwenye mmea wa Kichina, na mgunduzi wake, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Ila tazama kilichofanyika kwa hizo zilizofaulu: kiambato kilichujwa, kikapimwa, kipimo cha dozi kikajulikana kwa miligramu, madhara yakaandikwa. Chupa ya lita moja na nusu haijapita huko. Mizizi ya msimu wa mvua na ya kiangazi haina nguvu sawa, na aliyeichemsha nusu saa hakutoa kitu kilekile na aliyeichemsha saa tatu.

Wakati huohuo, dawa za kliniki zinashindwa vita ya kuonekana. Hakuna atakayetoa ushuhuda wa penisilini. Mtoto wa SS hupewa penisilini ya kunywa kila siku, mara mbili, mpaka angalau miaka mitano, kwa sababu bandama yake haimkingi tena dhidi ya bakteria wanaoleta nimonia na sumu kwenye damu, ambao humuua mtoto ndani ya saa chache. Jaribio lililofanyika Marekani, likachapishwa mwaka 1986, lilisitishwa kabla ya wakati kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi mno: maambukizi hayo yalipungua kwa asilimia 84. Ni miongoni mwa matokeo makubwa kwenye tiba ya watoto. Nyumbani, lakini, mama anaona nini? Anaona kidonge anachompa mtoto ambaye haumwi, kila siku, kikiisha aende tena kliniki, na maumivu ya mifupa yanakuja vilevile. Siku ambayo penisilini ilimwokoa mwanawe haikutokea kitu, mtoto aliamka akaenda kucheza. Dawa ya namna hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa mtu akisema "tupumzishe kidogo dawa za hospitali, tujaribu hii."

Haidroksiyurea nayo ina balaa la jina baya. Ni kweli ilianza kama dawa ya saratani, na wauza mizizi wanalijua hilo: "Wanampa mwanao dawa ya kansa!" Kinachofanyika kwenye selimundu ni kwamba, kwa dozi ndogo, huamsha tena ile himoglobini ya mtoto mchanga, yaani humrudishia kinga aliyokuwa nayo miezi ya kwanza. Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998 na kwa watoto 2017. Majaribio yenye kundi la kulinganisha yalishafanyika huko, hata kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Likabaki swali la Afrika, kwenye malaria na utapiamlo. Utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, ukachapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watoto zaidi ya 600 wa kati ya mwaka mmoja na kumi. Vipindi vya maumivu vilishuka chini ya nusu, kuongezewa damu kukabaki theluthi moja, na malaria, jambo ambalo wengi walihofia lingekuwa kinyume, ikapungua kwa nusu. Haiponyi. Inahitaji kupimwa picha kamili ya damu mara kwa mara kwani huweza kushusha chembe nyeupe. Na haipatikani kila mahali kwa bei ya mtu wa kawaida, wala sitajifanya hilo ni dogo: mzazi ambaye dawa hiyo iko mbali na mganga yuko mtaa wa pili hahitaji kuhubiriwa.

Mtoto wa selimundu anaweza pia kudhurika na mitishamba kwa njia ambazo mtoto mwingine asingedhurika, na hili halisemwi vya kutosha. Figo zake hupoteza mapema uwezo wa kubana maji. Ndiyo sababu anakojoa sana, na anakojoa kitandani akiwa mkubwa, akichapwa kwa kosa ambalo si lake. Mtoto kama huyo hukaukiwa maji haraka, na akikaukiwa, chembe zinajipinda. Sasa angalia dawa zetu nyingi za asili zinavyofanya: zinasafisha. Sanamaki, shubiri, na mizizi mingi inayosifiwa kwamba "inatoa uchafu wote" kazi yake ni kuharisha.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki nikamsikia nesi akimuuliza mama mmoja kijana nyumbani wanampa mtoto nini kingine zaidi ya dawa za hapa.

"Hamna, dada."

Bibi aliyekuwa amempakata mtoto, mama mkwe, akaingilia: "Tunampa sanamaki kidogo tu, kumsafisha tumbo. Si dawa hiyo."

Nesi hakugomba. "Sawa, bibi. Akinywa anaenda choo mara ngapi?"

"Nne, tano. Inasafisha kweli."

"Na maumivu yakamshika siku gani?"

Bibi akahesabu kwa vidole, akamtazama mkwewe, akanyamaza. Nesi akaandika kwenye kadi, akamwomba bibi asimpe tena, akamshukuru kwa kumwambia. Kwa maoni yangu ile shukrani ilikuwa na thamani kuliko onyo. Mama yule alificha kwa sababu anajua ni wangapi wamegombezwa mbele za watu kwa kutaja mitishamba, na daktari asiyejua mtoto amekunywa nini anatibu akiwa amefumba jicho moja.

Zipo hatari nyingine. Mafuta ya mwarobaini yakinyweshwa kwa watoto wadogo yameripotiwa kuleta kutapika, degedege na kuharibu ini. Asali haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata ikichanganywa na habasoda kwa nia njema. Hina ya kumpaka mtoto mwili mzima inaweza kuvunja damu kwa wingi ikiwa ana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo ya kawaida kwetu, hasa kwa wavulana. Mwenye SS hana damu ya akiba ya kupoteza hivyo. Unga wa asili unaotuliza maumivu ya mifupa ndani ya nusu saa nautilia shaka zaidi kuliko ule usiofanya kitu, kwa sababu katika nchi nyingi dawa zinazoitwa za asili zimekutwa zimesagiwa humo diklofenaki au deksamethasoni, dawa za hospitali za kutuliza maumivu na uvimbe. Figo za mtoto huyu haziwezi kuvumilia diklofenaki asiyoijua mtu.

Na kuna kuchanja. Bandama ikivimba, kwenye jamii nyingi mtoto huchanjwa chale upande wa kushoto, chini ya mbavu, na kupakwa dawa. Hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Kati ya miezi sita na miaka mitano, bandama ya mtoto wa selimundu inaweza kunasa damu kwa ghafla, ikajaa ndani ya saa chache, na mtoto akafa akiwa na damu yake mwenyewe tumboni. Huko Jamaika, madaktari waliwafundisha akina mama kuipapasa wenyewe nyumbani, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana.

Namna yenyewe haina ufundi mwingi. Mtoto alale chali, magoti ameyakunja kidogo, awe ametulia au amelala usingizi. Weka vidole bapa upande wake wa kushoto, anza chini karibu na kitovu, panda taratibu kuelekea mbavu, ukibonyeza kwa upole kila anapovuta pumzi. Bandama iliyovimba utaihisi kama ukingo mgumu unaokuja kugonga vidole. Wengine hubaki na bandama kubwa kiasi muda wote, kwa hiyo ijue ya mwanao siku akiwa mzima, uweke alama kwa vidole: inatoka mbavuni vidole viwili, au haionekani kabisa. Siku ukikuta imeongezeka, na mtoto amepauka viganja na midomo, amelegea, anahema haraka, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe mvua. Hivyo hivyo homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu. Hilo la mwisho ni kiharusi, na watoto wengi wamelipoteza juma zima wakitolewa shetani.

Anayeahidi kuiondoa selimundu yote kwa kikombe anaahidi kubadilisha kinasaba kilichomo kwenye uboho. Tiba inayofanya hivyo kwa hakika hapa nchini ni kupandikizwa uboho, ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwafanyia watoto wa selimundu, tena kwa wachache wenye ndugu ambaye uboho wake unalingana na wao. Wapo wanaokumbuka mwaka 2011, maelfu wakielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wengi hawakudhurika na kile kikombe. Waliodhurika ni wale walioacha dawa zao baada ya kunywa.

Najua baada ya kusoma yote haya bado kuna nyumba ambayo mizizi itachemshwa, kwa sababu ya upendo, au heshima kwa mkwe, au kwa kuwa kukaa bila kufanya kitu hakuvumiliki. Basi ifanyike hivi. Penisilini, foliki asidi (ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu) na haidroksiyurea zisikatwe hata siku moja. Dawa za kuongeza madini ya chuma zisitolewe bila kipimo, kwa maana mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza kuwa na chuma kingi tayari. Muuzaji aulizwe jina la mti, sehemu iliyotumika, na kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Anayejibu kwamba hiyo ni siri ya ukoo aachwe na siri yake. Mti mmoja kwa wakati mmoja, usichanganye mitano. Usianzie siku ya maumivu. Anza na daftari: miezi mitatu ya kuandika siku alizoumwa, siku za homa, siku alizokosa shule, kabla hujampa chochote kipya, kisha endelea kuandika vilevile ukiwa unampa. Daftari halina huruma, ndiyo faida yake.

Acha mara moja akiharisha, akitapika, macho yakizidi umanjano, mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi, au akilala kuliko kawaida. Na ukikimbilia hospitali, ichukue na ile chupa pamoja na kilichobaki ndani yake, umkabidhi daktari kabla hajauliza.